Dawa zilizobaki zichomwe kwenye tanuri la saruji

Mhariri,

Antibiotiki zikitupwa chooni hufika kwenye visima vyetu vya Tanga na kuwazoesha bakteria dawa. Zikitupwa jalalani, huokotwa zikauzwa tena. Shimo la moto ni baya zaidi: pakiti za vidonge zina plastiki ya PVC, na ikiungua chini ya nyuzi 850 hutoa dioksini, sumu inayodumu mwilini. Tanuri la saruji, kama la Pongwe hapa Tanga, huvuka nyuzi 1,400, na chokaa yake humeza asidi hidrokloriki inayotokana na PVC hiyo. Dawa zisizidi asilimia 5 tu ya makaa ya mawe yanayoingizwa kuwasha tanuri.

Kinachokwamisha ni gharama. Duka dogo la dawa haliwezi kukodi gari peke yake kuzipeleka tanurini. Litazificha au kuzitupa. Halmashauri ikusanye kwa pamoja, maduka yachangie kwa kilo, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, isimamie. Maboksi ya karatasi yaondolewe kwanza, uzito upungue.

Mfamasia,
Chumbageni, Tanga