Deo, skrubu ziache kwanza

Ipogolo, Iringa

Kwako Deo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi ni wazima, mama watoto anakusalimu, na siku hizi tunashinda tukipukuchua mahindi. Juzi kwenye simu tulisikilizana nusunusu: wewe unasema "inakwaruza", mimi nasema "legeza", mara salio likaisha. Nimeona heri nikuandikie jinsi ya kurekebisha gia za mbele, usome ukiwa umechuchumaa mbele ya baiskeli yenyewe.

Huyo fundi anayetaka kuing'oa diraila ya mbele, kile kidude kinachohamisha mnyororo kwenye gia za mbele, mkatalie. Amezoea baiskeli za Phoenix zisizo na gia hata moja, kwa hiyo kidude kile anakiona kero. Mimi nilikubali ing'olewe, nikabaki na gia ya kati tu. Kilima cha kutoka hapa Ipogolo kupanda mjini kilinitia adabu ndani ya siku tatu. Wewe unayepanda kurudi Kibosho kila jioni utaisukuma kwa mguu.

Nilipoirudisha, nilizungusha zile skrubu mbili za diraila wiki nzima bila faida. Kumbe skrubu hazihamishi mnyororo. Kazi yake ni kuizuia diraila isipite kiasi: yenye herufi L inazuia upande wa ndani, H upande wa nje. Yangu ilikuwa imefungwa juu mno, tena mshazari, na hapo hata ungekaza mpaka kesho.

Kwa hiyo anza na mkao. Ninginiza baiskeli mtini kwa kamba chini ya siti. Weka mnyororo kwenye gia ndogo mbele na gia kubwa nyuma, kisha fungua nati inayobana waya. Ivute diraila kwa mkono mpaka shavu lake la nje, lile bamba la pembeni, lifike juu ya meno ya gia kubwa. Kati ya shavu na meno ibaki milimita 1 hadi 3. Mimi napima kwa sarafu. Halafu simama uchungulie kutoka juu: shavu na gia viende sambamba. Ukiona shavu limekaa upande, legeza bolti inayoishika diraila kwenye fremu, isogeze kidogo, kaza, chungulia tena. Hapa usione uvivu, mimi huchukua robo saa nzima.

Sasa zungusha L. Waya bado umelegea, mnyororo uko palepale. Shavu la ndani liukaribie mnyororo bila kuugusa, nafasi ya kama milimita 1 au pungufu. Kama herufi zimefutika, na kwenye mtumba hufutika, jaribu moja moja: ile inayoisogeza diraila wakati waya umelegea ndiyo L.

Kisha rudisha swichi ya gia kwenye namba 1, vuta waya kwa koleo, kaza nati. Zungusha pedali upandishe gia. Mnyororo ukisita kupanda gia kubwa, mara nyingi waya umelegea. Zungusha kile kirekebishio cha waya kwenye swichi, nusu mzunguko tu.

H inakuja mwisho, na ndiyo ugonjwa wako, maana ulisema mnyororo unaangukia upande wa pedali. Weka gia kubwa mbele na ndogo kabisa nyuma, kaza H robo robo mpaka shavu la nje libaki karibu na mnyororo bila kuukwaruza. Ukikaza kupita kiasi mnyororo utakataa kupanda, rudisha robo. Ungekuwa unaangukia ndani, kwenye fremu, ningekwambia L.

Gia ya kati itakusumbua kidogo. Pia ukiwa na gia kubwa mbele na kubwa nyuma, mnyororo utalia kwa sababu umepinda. Huo si ubovu, badilisha gia tu. Mimi niliwahi kuumaliza mchana mzima nikitafuta kelele hiyo.

Nimempa kondakta wa basi waya mpya akuletee. Wa zamani, kwa ulivyonieleza, umeshaanza kufumuka nyuzi. Ukiufunga, uvute kwa mkono mara kadhaa ukae vizuri kwenye ganda lake, na baada ya siku chache uukaze tena, utakuwa umelegea. Usiukate mfupi sana, nakujua.

Wako,
Festo