Barua kwa Mwanangu: Ua Jekundu na Uso wa Bibi

Mwanangu mpendwa,

Nimezitazama kwa muda mrefu picha mbili za ua ulizonitumia, moja ya rangi na nyingine nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa umeniuliza ipi imetoka vizuri, nakujibu waziwazi kwamba ni ile ya rangi. Wekundu ndio uliokusimamisha njiani, nao katika picha ya pili haupo. Jicho hutofautisha upesi petali nyekundu na jani la kijani, lakini mwanga unaorudi kutoka kwa vitu hivyo viwili mara nyingi hukaribiana kwa ukali, hivyo rangi ikiondolewa hubaki kijivu juu ya kijivu.

Kosa hilo nililifanya enzi za filamu, nilipopiga picha ya matunda mekundu yakiwa mtini, na filamu iliposafishwa sikuweza kuyatambua katikati ya majani. Laiti ningaliweka mbele ya lenzi kichujio chekundu, ambacho hupitisha mwanga mwekundu na kuuzuia wa kijani na wa bluu, matunda yangalitoka meupe na majani yangalikuwa ya giza. Ndicho kichujio kinacholifanya anga la bluu litoke karibu jeusi na mawingu yajitokeze. Wewe huna haja ya kioo hicho, mradi upige kwa faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, ambalo huhifadhi rangi zote, kisha kwenye programu uung'arishe wekundu na kuutia giza ukijani, kila mmoja peke yake.

Hata hivyo, jiulize kwanza ni nini kinachoibeba picha. Mpiga picha Mmarekani William Eggleston, ambaye picha zake za rangi zilionyeshwa mwaka 1976 katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, wakati wengi waliona rangi ni ya matangazo ya biashara, alikuwa amepiga mwaka 1973 dari nyekundu yenye balbu tupu na nyaya nyeupe. Ondoa wekundu ule, hutabaki na picha. Ile picha uliyompiga bibi yako dirishani ni kinyume chake: mwanga wa ubavuni umechora kila kunyanzi la uso wake, ilhali kitambaa cha bluu kilicho nyuma yake hakina la kusema, na bado jicho hukimbilia huko. Hiyo iwe nyeusi na nyeupe, bila kusita.

Nisilolipenda ni kuiondolea rangi picha iliyokosa mwanga mzuri ili ionekane nzito. Mwanga mbovu hubaki mbovu, tena huonekana zaidi, kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama.

Nitumie faili ghafi la bibi kabla hujaligusa, nami nitakuchapishia kwenye karatasi.

Mama yako akupendaye