Barua kwa mwanangu: mende wa jikoni na kipepeo wa baridi

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwamba mwezi ujao unakwenda Greenland kuwafuata vipepeo wa Boloria chariclea. Nilijivunia sana, kisha likanijia swali lilelile: dawa yako ya kuvuta utaiweka wapi? Hewa baridi na kavu huibana njia ya pumzi ya mwenye pumu, kwa hiyo usiiache kwenye begi. Iweke ndani ya koti, karibu na mwili.

Uliandika kwamba kipepeo huyo hutandaza mabawa na kuota jua mpaka misuli yake ipate joto la kumwezesha kuruka, na kwamba kiwavi wake huweza kuchukua miaka 2 kukomaa kwa sababu majira ya joto huko ni mafupi. Mende wetu wadogo wa kahawia hawana subira hiyo. Juzi niliposogeza jiko nilimkuta jike amebeba kifuko cha mayai kwenye ncha ya tumbo, kikiwa na mistari midogo kama kifundo cha kamba. Kimoja huwa na mayai 30 hadi 40, naye hakiachi mpaka yakaribie kuanguliwa, ilhali kipepeo wako hutaga akaenda zake. Katika nchi za baridi mende huyo huishi ndani ya majengo yenye joto tu. Joto linalomstawisha yeye ndilo linalomdhoofisha kipepeo, kama ni kweli ulivyosema kwamba vipimo vya Zackenberg, kituo cha utafiti huko Greenland, vya 1996 hadi 2013, vilionyesha mabawa yakipungua kadiri majira ya joto yalivyozidi kupata joto.

Tuliambiwa mapema kwamba kinyesi cha mende huamsha pumu, nami nikazidi kupuliza dawa ya kuwaua, huku bomba la chini ya sinki likivuja na kuwapa maji ya kunywa, na wewe ukikohoa usiku kucha. Bomba hilo limetengenezwa wiki iliyopita. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Kwamba kifua kilikubana tena mwezi uliopita nimeambiwa na dada yako, wala si wewe, na jambo hilo limeniuma. Usinifiche.

Kabla hujapanda ndege niandikie umebeba dawa ngapi, na mwenzako yupi anajua mahali unapoiweka.

Mama yako