Picha zinalala wapi zikishapigwa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wapiga picha wenzangu wenye studio ndogo, na pia familia zinazotukodi kwenye sendofu na harusi. Studio yangu ni chumba kimoja na kistoo, Mji Mpya hapa Morogoro. Niliirithi kwa marehemu baba. Kila mwezi kijana mmoja au wawili huja kuniuliza wanunue kamera gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza picha zinalala wapi zikishapigwa.

Swali hilo mimi nilifundishwa kwa uchungu. Mwaka 2018 kazi zilinijia kwa wingi, harusi tano kwa mwezi badala ya mbili nilizozoea. Picha zote nilizihamishia kwenye diski moja ya nje ya terabaiti moja, kisha nafuta kadi ya kamera ili Jumamosi inayofuata nipate pa kupigia. Siku moja mchana kijana wangu alipita mezani, mguu ukanasa waya, diski ikaanguka sakafuni huku inafanya kazi. Meza yenyewe ni ya kimo cha kawaida tu. Nilipoichomeka tena ikatoa mlio wa tik, tik, tik, na kompyuta haikuiona. Niliipeleka kwa fundi Dar es Salaam. Akaifungua, akanionyesha sahani ya ndani ilivyokwaruzwa. Humo mlikuwa na kazi 11 ambazo nilikuwa sijazikabidhi.

Fedha za watu nilirudisha, nyingine nikakopa kikoba. Lakini bibi harusi mmoja alifiwa na baba yake miezi minane baada ya sendofu. Usiku ule mzee alicheza na binti yake wimbo mzima, nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Nilipokwenda msibani nikakuta picha iliyowekwa kwenye fremu ni ile niliyowatumia kwa WhatsApp usiku uleule, moja tu ya kuonjesha. WhatsApp ilikuwa imeibana, na walipoikuza ifike ukubwa wa fremu, uso wa mzee ukawa vidoadoa. Binti alinishika mkono akaniuliza, "Dada, hakuna hata moja nyingine?" Sikuwa na la kumjibu.

Ndipo nikarudi kwenye daftari la baba. Yeye alianza enzi za mikanda ya picha 36. Kila kazi aliiandika kwenye kaunta buku: namba, tarehe, jina la mteja, alicholipa, anachodaiwa. Namba hiyohiyo aliiandika juu ya bahasha ya negativu, na bahasha akazipanga kwenye maboksi ya viatu, kila mwaka na boksi lake. Mtu akija baada ya miaka sita anataka kusafishiwa tena picha ya ubatizo, baba hakuhangaika. Alifungua daftari, akavuta boksi. Sisi tulipoingia kwenye kamera za dijitali tuliliweka daftari kando tukiamini kompyuta inakumbuka yenyewe. Kompyuta haijui harusi ya nani ni ipi. Kamera yangu ikifika picha ya 9999 inaanza kuhesabu upya, na mwisho unakuwa na picha nyingi zenye jina lilelile.

Sasa kila kazi ina namba ya daftari, na folda yake inaanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, kisha namba: 2024-10-12-087. Ukianza na siku, kompyuta itaweka pamoja tarehe mosi za miezi yote na utapotea humo. Ukianza na mwaka, kazi zinajipanga zenyewe kama maboksi ya baba.

Usiku wa harusi, hata nikirudi saa nane, silali kabla sijahamisha. Harusi moja hunipa picha kama 1,800, na kila faili ghafi ya kamera yangu, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, ni megabaiti 30 hivi, kwa hiyo ni kama gigabaiti 54. Zinakwenda kwenye diski mbili, na zote mbili nazijaza kutoka kwenye kadi. Sinakili diski ya pili kutoka ya kwanza, maana ya kwanza ikiwa na kasoro, ya pili itairithi. Halafu nafungua picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho nione kama zinafunguka. Asubuhi diski moja inakwenda kwa dada yangu Kihonda, inakaa kabatini kwake chini ya mashuka. Wenzangu huniuliza kwa nini mbali hivyo. Mwizi akivunja studio, au nyaya zikishika moto, diski mbili zilizo kwenye droo moja zinaondoka pamoja. Kadi nayo siifuti mpaka mteja ametia saini kwamba amepokea.

Picha zilizokwisha haririwa, kwa kuwa ni nyepesi, naziweka na mtandaoni pia. Zile ghafi haziwezekani kwa bando zetu, na gigabaiti 15 za bure za Google, ambazo hutumika na barua pepe zako pia, hazitoshi hata theluthi ya harusi moja. Nimenunua na UPS, kifaa chenye betri ya kuishikilia kompyuta, maana umeme ukikatika wakati kompyuta inanakili, faili zinaweza kuharibika. Ukijumlisha diski, UPS na kadi za ziada, vyote vilinigharimu chini ya nusu ya bei ya lenzi niliyokuwa naitamani mwaka ule.

Vijana wanaojiunga kwenye vikundi kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nawasihi waandike na diski kwenye maombi yao. Maombi niliyoonyeshwa yana kamera, taa na droni, basi.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba harusi nyingi zinaweza kuiua studio. Kuchagua picha 400 kati ya 1,800 na kuzirekebisha hunichukua siku tatu kamili. Harusi tano ni siku 15 za kukaa kwenye kiti, na hapo hujaenda ukumbini, hujahudumia watu wa picha za pasipoti wanaogonga dirishani, hujapanga albamu. Mwezi wa pili foleni inazaa foleni. Nilifika mahali wateja wanasubiri miezi mitatu na mimi sipokei simu zao. Kwa hiyo mtu wa kwanza niliyemwajiri baada ya hapo sikumpa kamera. Nilimpa daftari na kazi ya kuchagua. Nachukua harusi nne kwa mwezi, sizidishi, na picha zinatoka ndani ya siku 21, watu wakiwa bado wanaizungumza shughuli. Wateja wangu wengi sasa wananijia kwa kuambiwa na hao.

Nanyi ndugu zetu wa kamati za harusi, naomba mnielewe. Nikidai nusu ya malipo siku ya kuweka nafasi na nusu iliyobaki kabla ya shughuli, sina nia ya kuwakwaza. Kamati ikishavunjwa, mweka hazina anakuwa hana tena cha kulipa, maharusi wanasema walijua kamati imelipa, na mimi nabaki na gigabaiti 54 za watu ambazo siwezi kuzitupa wala kuzikabidhi. Mkipokea picha zenu, zinakilini siku hiyohiyo mahali pengine. Flashi haijatengenezwa kukaa miaka 20 kwenye kikombe juu ya kabati. Na mkitumiana kwa WhatsApp picha mnayotaka kuja kuisafisha, itumeni kama hati, haitabanwa.

Nisiache hili la kitchen party. Mimi huitwa sana huko kwa kuwa ni mwanamke. Mle ndani akina mama wamevua mitandio, wanacheza wakijua wako peke yao. Picha zile zinafungwa kwa nywila, na vijana wa kiume wa studio hawazihariri, nazihariri mwenyewe. Kwenye daftari langu kuna safu ya kuuliza kama mteja ameruhusu picha ziwekwe Instagram, na pasipoandikwa kitu, haziwekwi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya uso wa mtu imo katika taarifa zake. Ila hata kabla ya sheria, mama aliyekuamini ukaingia chumbani na kamera alikuwa amekwisha kukuambia anachotaka.

Namalizia kwa ombi, Mhariri, ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sendofu ile ilikuwa Kihonda, Jumamosi ya mwisho wa Agosti 2018. Mzee alivaa suti ya kijivu na kofia ya kiua, na alicheza na binti yake mbele ya keki. Wageni wengi walikuwa wamenyanyua simu. Familia imekwisha kuwauliza inaowafahamu, lakini wako waliotoka Ifakara, Kilosa na Dodoma ambao namba zao zimepotea. Simu za wakati ule nyingi zimebadilishwa, ila huenda moja imelala kwenye droo. Mwenye nayo asiitupe hata kama haiwaki. Aniletee Mji Mpya, nitamlipa fundi mimi, na picha nitaisafisha bila malipo na kuipeleka kwa binti. Jina na namba yangu nimemwachia Mhariri.

Mpiga picha,
Mji Mpya, Morogoro