Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kiti cha Mshika Usukani

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha na hali ya mashua zetu zimo katika taarifa za mweka hazina na mtunza vyombo, nami sitazirudia. Yangu inahusu jambo ambalo kamati imelijadili kuliko yote mwaka huu, yaani mafunzo ya washika usukani wa mashua zetu za mbio za makasia. Na kwa kuwa mjadala huo ulichochewa na maisha ya kimichezo ya Mmarekani Yasmin Farooq, ambaye wengi humwita Yaz, naanza na habari zake.

Farooq hakupata sifa kwa kupiga kasia. Alishika usukani katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapanda hadi timu ya taifa, akaiongoza mashua ya wanawake 8 katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 na ile ya Atlanta mwaka 1996, walikoshika nafasi ya 4. Katikati ya michezo hiyo, mwaka 1995 huko Tampere, Finland, ndipo walipotwaa ubingwa wa dunia.

Mwaka 2006 alikabidhiwa ukocha wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 2009 ikawa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Alihamia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2016, na katika msimu wake wa kwanza timu yake ilishinda fainali zote 3 za mashindano ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani: mashua ya kwanza ya watu 8, ya pili, na ile ya watu 4. Hakuna chuo kilichokuwa kimefanya hivyo kabla yao, nao walirudia mwaka 2019. Kwa maoni yangu ushindi huo unauzidi hata ule wa Tampere, maana mashua 3 hazibebwi na nyota wachache.

Mshika usukani, anayeketi tezi (nyuma ya mashua), ndiye peke yake anayetazama omo (mbele), ilhali wapiga makasia wote wameipa mgongo njia wanayoiendea. Katika mbio za mita 2,000 yeye huongoza chombo, huhesabu mapigo, huona kasia linaloingia majini kwa kuchelewa, na huamua ni lini waliochoka waombwe nguvu zaidi. Anayefanya hivyo kwa miaka mingi amekwisha kuanza kazi ya kocha, ingawa bado hajapewa cheo.

Chamani kwetu, hata hivyo, kiti hicho hupewa aliye mwepesi kuliko wenzake, au aliyekosa kasia siku hiyo (na wanachama wanajua kwamba sitii chumvi). Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba kila mashua iwe na mshika usukani wa kudumu, kwamba maelekezo yake mazoezini yarekodiwe na kusikilizwa pamoja na kocha, na kwamba kila mwezi apande boti ya kocha ili aione timu yake kutoka nje. Pendekezo hili litapigiwa kura katika mkutano mkuu, baada ya kupitishwa kwa hesabu.