Ushuhuda wa aliyebaki palepale unatolewa lini?

Mhariri, habari za kazi. Naomba na mimi nafasi kidogo ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni siku nyingi.

Mimi ni mama nakaanga samaki hapa Bagamoyo, nasali kwenye haya makanisa yetu ya kilokole (jina naliacha). Kila Jumapili kuna muda wa ushuhuda na kiukweli naupenda, ila nimekaa nikaangalia naona wanaopewa maiki ni wa aina moja tu, huyu kapata kiwanja, huyu mtoto wake kapata ajira, yule anaenda Dubai, kanisa zima vigelegele. Yule ambaye mwaka jana alikuwa na karai moja na mwaka huu ana karai lilelile hajawahi kuitwa mbele, utadhani Mungu alimruka.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo, nisijifanye malaika. Mwaka 2019 niliona Bagamoyo hapanitoshi nikafunga virago nikahamia Mbagala, nikasema huko ndo kwenye pesa. Chumba kodi ya miezi sita kwa mkupuo, samaki ukanunue Feri alfajiri, nauli, barafu, mkaa, ukija kupiga hesabu usiku unakuta umeshinda unamfanyia kazi mwenye nyumba. Na hukohuko Mbagala nikaanza kusema yani ningekuwa Kariakoo ningetoka. Hapo ndo nikashtuka, kumbe manung'uniko nilihama nayo, yapo kwenye begi moja na nguo.

Nikarudi na aibu zangu. Siku moja nasoma Yeremia 29, ule mstari wa 11 wa mawazo ya amani kila mtu anaujua, mpaka kwenye daladala umeandikwa, lakini panda juu kidogo. Ile ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, wanaambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, tena wauombee amani mji huohuo waliopelekwa kwa nguvu. Na hawakuambiwa mnarudi kesho, waliambiwa miaka 70! Paulo naye alipowaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo alikuwa kifungoni, na liangalie hilo neno, amejifunza, maana yake hata yeye haikumjia tu yenyewe.

Sisi wa Bagamoyo wala tusiende mbali. Pale misheni ya Wakatoliki mapadri walifika 1868, biashara ya watumwa baharini bado haijapigwa marufuku (hiyo ilikuja 1873), wakawa wanawakomboa watumwa na kuwapa pa kukaa. Wengi kwao ilikuwa bara huko ndani na hawakurudi tena, wakalima hapahapa, wakaoana, wakazaa. Mi sio Mkatoliki lakini kila nikipita ile njia ya miembe najiuliza mama kama yule Jumapili alikuwa anashukuru nini. Nadhani alishukuru kwamba mwanawe amelala na asubuhi ataamka yupo, hajauzwa.

Sasa mtu asinielewe vibaya, sisemi tukae tu mikono mapajani. Maji yakijaa mtaani nitapiga kelele, ushuru ukipanda kiholela nitauliza. Lakini nina jirani yangu, bibi mmoja Muislamu, ukimuuliza hali anakujibu alhamdulillah hata siku ambayo najua kabisa jiko halijawashwa, na mimi niliyeokoka nikiulizwa najibu aah tunasukuma tu. Siku hiyo samaki wote wameisha na hela ninayo kiunoni!

Ombi langu kwa wachungaji ni dogo, hata mara moja kwa mwezi waiteni na wale ambao hakuna kilichobadilika. Wiki iliyopita nilimfata mzee wetu wa kanisa nikamwambia Jumapili naomba maiki dakika tatu, nina shukrani. Akachangamka, "Haleluya mama, umepata nini?" Nikamwambia sijapata kitu baba, karai ni lilelile.

Akaniangalia, akasema atanijulisha.

Mama Karai,
Magomeni, Bagamoyo