Mitambo ya maji ya jua ipimwe Julai

Ndugu Mhariri,

Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tunajulikana kwa meno. Maji ya Ngarenanyuki na Oldonyosambu yana madini ya floraidi yanayopita mbali kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa miaka yote ya kukua, meno huwa ya kahawia, na wengine hupinda miguu. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki palepale.

Ndiyo maana naunga mkono mitambo ya kukeneka maji kwa jua, yaani beseni lenye kifuniko ambamo jua hugeuza maji kuwa mvuke, nao hurudi kuwa maji kwenye kifuniko, kwani mvuke hupanda peke yake na kuacha floraidi na chumvi chini. Ila tusidanganyane. Kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke hula karibu mara saba ya joto lililoyafikisha hapo, kwa hiyo beseni la mita moja ya mraba hutoa lita 3 au 4 kwa siku ya jua kali. Hayo ni ya kunywa na kupikia uji wa watoto, si ya kufulia.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani na wenzao wa Shanghai, China, walipanga ngazi kumi, joto la mvuke wa ngazi moja likipasha inayofuata, wakapata zaidi ya lita 5 kwa saa kwa eneo hilohilo. Hongera zao, lakini kifaa hicho kikiharibika Oldonyosambu nani atakitengeneza?

Mimi ningeanza na yaliyo mikononi mwa fundi wa madirisha ya aluminiamu. Maji yawe na kina cha sentimita moja au mbili tu, juu ya sakafu nyeusi. Kifuniko kiwe kioo, si nailoni: kwenye kioo safi maji huteleza kama utando hadi kwenye mfereji, kwenye nailoni hujikusanya matone na kudondoka tena beseni. Maungio yazibwe kwa silikoni, maana mvuke ukipenya nje, umepoteza maji. Kila asubuhi beseni lisuuzwe, na masalia hayo, yenye floraidi kuliko hata kisima, wasipewe ndama. (Masika kioo hichohicho kinakinga maji ya mvua, bure kabisa.)

Halmashauri ikitangaza zabuni, iandike lita kwa siku. Zipimwe Julai, mawingu yakiwa yametanda, na mkandarasi alipwe baada ya hapo.

Msomaji wako,
Usa River, Arumeru